Mgeni Aliyesema Yatosha

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana ile inayosimuliwa na vijana wa pikipiki pale njia panda imeshatiwa chumvi mpaka kuna wanaosema nilikimbia na mbuzi wa watu, na mimi sikukimbia na mbuzi wa mtu yeyote, nilisimama palepale, mbele ya wote, na huo ndio ubaya wenyewe. Kama mtacheka chekeni, mais (ndiyo lakini yetu ya huku) mnisikilize mpaka mwisho, na mwenye swali alimeze kwanza.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Butembo, Kongo: minyororo, breki, taa, na yale matairi yanayoisha kabla msimu wa mvua haujaisha. Nina kibanda, si duka (mke wangu Masika anapenda kusema duka, mais duka lina mlango, langu lina bâche, turubai la bluu, na kamba mbili). Siku zote nimekuwa nanunua kwa wakubwa wenye makontena, nami nauza moja moja. Sasa nikapata namba ya mtu wa Mombasa, Bwana Charo, anayeshusha vipuri bandarini, na yeye alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kuaminika upande huu ili amfungulie depo: yeye alete mzigo mpaka Kasindi, pale mpakani na Uganda, huyo mtu aupokee, auvushe, auze. Tulikuwa wawili, achaguliwe mmoja. Mimi wa Butembo, na bwana mwingine wa Beni ambaye simtaji jina kwa sababu hajanikosea kitu chochote, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwenye simu Bwana Charo aliniambia kwamba shida yake kubwa ya huku ni lugha. Kifaransa hajui, na Kiswahili chetu kinampita pembeni. Nikamjibu bila kuvuta pumzi, "Usiwe na wasiwasi, bwana, mimi Kiswahili sanifu nimekisoma." Nimekisoma wapi? Kwenye redio, wakati nafunga mizigo, na kwenye filamu za Kitanzania ambazo Masika anaangalia na mimi napita nyuma ya kiti chake nikienda kutafuta chumvi. Mais nilivyolitamka lile neno "sanifu", na ile *f* nikaivuta kidogo, hata mimi nilijiamini. Tangu siku ile Masika akawa ameshachagua na rangi za ukuta wa depo, na akaanza kuongea na jirani zetu kwa sauti ya mke wa mwenye depo.

Basi Bwana Charo akaja. Akapita Kasindi, akalala Beni kwa yule mwenzangu, kisha akapanda kwetu. Alishuka kwenye gari jioni akiwa na shati la mikono mifupi, mtu wa bahari katika baridi ya Butembo, meno yanagongana hata salamu haisikiki. Nikamvalisha koti langu la harusi, lile zito lenye mifuko mikubwa. Nyumbani Masika alikuwa ameua kuku wawili, mais mgeni akasema, "Kabla ya kwenda kwako, ningependa tutembee kidogo tuonje vyakula vya barabarani. Mji naujulia huko." Nikafurahi sana. Nilisema moyoni, huyu nitampitisha kwenye mikokoteni yote, wenzangu wanione natembea na mtu wa Mombasa, na Kiswahili changu kinatembea mbele yetu.

Tukaanzia kwa mama mmoja wa beignets, yale maandazi yetu, mwenye mkokoteni karibu na soko, ananijua tangu zamani. Mgeni akala moja, akala ya pili, akasifu. Mama kuona anasifiwa akazidi kumwekea kwenye sahani. Bwana Charo akaweka mkono juu ya sahani, akatabasamu, akasema, "Yatosha, mama. Yatosha."

Mama akanigeukia. "Papa Gloire, mugeni anasema nini?"

(Gloire ni binti yangu wa kwanza. Huku hakuna anayeniita Muhindo isipokuwa wanaonidai.)

Hapo ndipo. Hapo hapo, kwenye beignets. Ningesema tu "sijui, ngoja nimuulize", mambo yangeishia kwenye kucheka na chai ya tangawizi. Mais mtu aliyesoma Kiswahili sanifu ataulizaje maana ya neno mbele ya mama wa beignets? Kwetu sisi, kutosha ni kuondoa kitu mahali kilipo: unatosha beignet kwenye mafuta, unatosha viatu mlangoni, docteur anakutosha jino. Kitu kikiwa cha kiasi tunasema kinaenea. Donc, yaani kwa hiyo, kichwa changu kikafanya kazi haraka haraka: "yatosha" ni "ya kutosha", "ya kutosha" ni ya kutoka nayo, yaani à emporter. Nilijipongeza kabisa. (Redioni nilikuwa nalisikia neno lenyewe kila siku, mais redio haimwekei mtu beignets kwenye sahani.)

"Anasema ni ya kutosha," nikamwambia kwa sauti ya mtu wa bureau, wa ofisini. "Ya kubeba. Umufungie."

"Zote hizi?"

"Zote. Na uongeze zingine, si unaona ni mugeni?"

Mama akafunga sachet nzima, mfuko wa plastiki umejaa, akampa kwa mikono miwili. Bwana Charo akaiangalia sachet, akaniangalia mimi, akasema, "Oo. Ahsante sana, mama," kwa adabu ya watu wa pwani, akaitia mfukoni mwa koti langu la harusi.

Mkokoteni wa pili ulikuwa wa viazi na samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Mgeni akala nusu ya samaki, mwenye samaki akawa anamsogezea upande wa pili, naye akasema, "Imetosha, dada yangu. Imetosha." Hapo hata sikusubiri kuulizwa. Nikaruka: "Anasema utoshe ingine!" Dada akatosha ingine, nzima, na kichwa chake, akaizungusha kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, mkia ukabaki nje. Mfuko wa pili wa koti ukajaa.

Tukiwa tunatembea, Bwana Charo akanishika kiwiko, akaniuliza kitu harakaraka huku meno bado yanagongana, na mimi nikashika maneno mawili tu, "desturi" na "mgeni". Nikajua anasifu desturi yetu ya kupokea wageni. Nikaitikia kwa kichwa, nikaitikia tena. "Kabisa, bwana. Kabisa." Baadaye ndipo nilipokuja kujua aliuliza kama ni desturi ya huku kwamba mgeni hana ruhusa ya kukataa chakula, na lazima akibebe. Donc mimi, kwa kichwa changu mwenyewe, nilimfunga yule mzee wa watu kamba. Akashusha pumzi, akasema, "Haya, tuiheshimu."

Akaiheshimu. Tukapita kwa mwenye mahindi, akasema yatosha, akafungiwa mahindi. Tukapita kwa mwenye ndizi za kuchoma, akasema yatosha kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeomba msamaha, akafungiwa ndizi. Kwa mwenye chapati alijaribu kunyamaza tu, mais ukinyamaza mbele ya mwenye chapati anakuongezea, hivyo akalazimika kusema yatosha, na zile chapati akazibeba kwapani. Vidole vyake vyote vilikuwa na sachet. Mafuta ya samaki yameshapenya koti mpaka kwenye kitambaa cha ndani. Na mimi, badala ya kujiuliza mtu mwenye akili timamu atafanya nini na mahindi sita katika chumba cha hoteli, nikaanza kumdharau. Ndiyo, nasema ukweli, nilimdharau. Nikamgeuzia mgongo, nikampigia Masika, nikamnong'oneza kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mgeni wetu ana tamaa ya ajabu, kila anachokiona anataka kubeba.

"Umupatie tu, papa Gloire," Masika akasema. "Ni depo, ile. Umupatie hata na mukokoteni."

Tukafika njia panda, kwa Papa Kasereka.

Asiyemjua Kasereka aelewe hivi: yeye hana mkokoteni tu, ana mahakama. Mbuzi ananing'inia kwenye ndoano, makaa yanawaka, na vijana wote wa pikipiki wanaegesha pale kuota moto na kuhukumu watu wanaopita. Ukianguka pale, umeanguka Butembo nzima. Na mimi nikamleta mgeni wangu katikati kabisa, nikamtambulisha kwa sauti kubwa, patron wa Mombasa, mtu wa makontena, rafiki yangu. Wakampisha kwenye benchi. Kasereka, kwa kunipa heshima, akamwekea brochettes, mishikaki mizito, na pilipili ile yetu ndogo nyekundu.

Bwana Charo akala moja. Machozi yakamtoka. Akala ya pili kwa heshima ya desturi. Jasho likaanza kumtiririka katika baridi ile ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumevaa makofia. Kasereka akaweka zingine nne. Basi yule mzee akainua mikono yote miwili, sachet zinaning'inia kwenye kila kidole, akapaza sauti, "Tosha! Tosha, ndugu yangu! Tosha kabisa!"

Kasereka akaniangalia. "Anasema ntoshe?"

"Si umesikia? Utoshe."

"Yote?"

"Amesema kabisa."

Kasereka akatosha kila kijiti kilichokuwa juu ya moto. Mgeni akatumbua macho, akasema, "Basi! Basi, tosha!" na kwetu "basi" ni neno la kuanzia tu, halimzuii mtu kitu, hivyo Kasereka akafuta kisu, akaenda kwenye ndoano, akamtosha mbuzi mguu. "Jamani, tosha!" Akatosha mbavu. Vijana wakaacha pikipiki zao. Wakaanza kuitikia kama kwenye mpira: mgeni akisema "tosha!" wao "ooo!", kisu kinashuka, na kadiri alivyozidi kukataa ndivyo mbuzi alivyozidi kuisha. Mmoja akaniuliza, "Papa Gloire, ule mutu iko na matumbo ngapi?" Watu wakacheka, wakaniangalia mimi, wakisubiri nijibu.

Nitawaambia kitu. Mtu anayesubiriwa achekeshe ni mtu hatari. Nilipanda juu ya jiwe la mbabula, lile jiko la makaa, nikasahau Kinande, nikasahau sanifu, nikasema kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wenye mahindi:

"Mumuache akule! Kule kwabo Mombasa njaa inabamaliza! Anakuja kushibia huku, na ile ingine anapelekea bibi na batoto!"

Wakacheka sana. Nikacheka na mimi. Halafu nikaona Bwana Charo hacheki, na ameshusha mikono.

Jioni nzima Kiswahili chake na changu vilipishana barabarani bila kusalimiana, mais tusi lilifika bila mkalimani. Njaa ni njaa Mombasa, ni njaa Butembo.

"Njaa?" akasema, polepole. "Bwana Muhindo, umesema kwetu kuna njaa?"

Nikashuka kwenye jiwe.

"Nimekuwa nikisema yatosha tangu kule kwa yule mama wa kwanza." Akaanza kuweka sachet zake chini, moja baada ya nyingine, beignets, ndizi, mahindi, akamchomoa samaki mfukoni kwa mkia. "Nimeshiba, bwana. Yatosha maana yake nimeshiba. Nilikuuliza kama mgeni hana ruhusa ya kukataa, ukaniambia kabisa."

Neno "nimeshiba" tunalo. Kila mtoto wa Butembo analo. Kasereka alikuwa ameshika mguu wa mbuzi mkononi, akaugeuza, akauangalia, akaniangalia.

"Nimeshiba?" akasema. "Papa Gloire, si wewe ulisema ntoshe?"

Hapo njia panda ikapasuka. Kuna aliyekaa chini kwenye tope kwa kicheko, kuna aliyeegemea pikipiki ikaanguka, na kuna mmoja, Mungu atamlipa, aliyepiga kelele, "Mukalimani! Tosha maana!" Na wengine wakaipokea: tosha maana, tosha maana. Mpaka leo nikipita pale na bidhaa zangu nasikia jina hilo nyuma yangu.

Mais msifikiri hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kuchekwa kunapita. Aibu yenyewe ni kile nilichosema baada ya hapo, maana nilikuwa bado na nafasi ya kusema samahani, bwana, sikuelewa, na badala yake nikanyoosha shingo, nikatoa kicheko cha uongo, nikamwambia, "Nilijua, bwana! Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nakutania tu."

Bwana Charo akaniangalia usoni. Kicheko chote cha vijana hakikuniumiza kama macho yale. Mbuzi nililipa, hatutaongelea hilo.

Tukaenda mpaka hotelini kwake. Mlangoni akavua koti, akalikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha thamani, ingawa lilikuwa linanuka ziwa zima, akanipa. Nikamwambia kuku wa Masika wanatusubiri. Akatabasamu kidogo, kwa uchovu, na mimi mwenyewe nikaona nilichokisema.

"Bwana Muhindo," akasema, na mara hii aliongea taratibu, neno kwa neno, ili lisinipite hata moja. "Kutosikia vizuri si kosa. Hata mimi lugha yenu sikuielewa, ningecheka pamoja nanyi na kesho tungefanya kazi. Lakini mzigo wangu utakuwa Kasindi na mimi nitakuwa Mombasa, sioni kitu. Siku kitu kitakapokwenda vibaya, wewe ndiye utakayenipigia simu. Utaniambia nini? Utaniambia ulikuwa unajua?"

 Nilikuwa na Kiswahili cha kila aina, cha redio, cha filamu na cha nyumbani, na hakuna hata kimoja kilichofungua mdomo. Akanipa mkono, akaniambia nimsalimie mama watoto, akaingia ndani.

Nikarudi njia panda kuchukua sachet (ndiyo, nilirudi, chakula hakitupwi, na vijana walinipigia makofi). Nyumbani Masika alikuwa ameweka sahani nzuri mezani. Akaangalia mlango nyuma yangu, akaona hakuna mtu, akaona mguu wa mbuzi begani mwangu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifunika wale kuku, akaenda kulala na nguo zake za kupokelea wageni. Beignets tulizila mpaka Gloire akawa analia akiziona.

Depo ilifunguliwa Beni. Ni kubwa, ina milango miwili, na mwenye depo amenenepa. Wanaomjua wananiambia Kiswahili chake ni kibaya kuliko changu, hata "sanifu" hawezi kulitamka, mais kila Bwana Charo aliposema neno gumu, yeye alikuwa anamkatiza palepale: "Patron, ile neno sijui, unielezee." Basi. Ni hivyo tu. Sasa kila mzigo wangu ukiisha, napanda pikipiki kwenda kwenye joto la Beni kununua kwake minyororo ambayo ingetakiwa ianze kwangu, na yeye ananiwekea kiti, ananipa fanta ya baridi, ananiuliza watoto hawajambo. Ni mtu mwema sana. Ningependa angalau awe na kiburi kidogo.

Donc nimeapa, mbele ya Masika na mbele yenu: neno nisilolijua, sitalitafsiri tena hata nikiwekewa kisu cha Kasereka shingoni. Nitasema sijui. Inakwaruza koo mara ya kwanza, mara ya pili inakwaruza tena, nawadanganya nini, haijawahi kushuka vizuri.

Juzi tu alisimama kibandani kwangu mteja wa Uganda, mwenye fedha, anaonekana, akaniomba kipande fulani cha injini kwa jina ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Nikameza mate, nikamwambia, "Boss, hiyo sijui. Unielezee." Akanitazama akaona huyu si mtu wa kazi, akavuka barabara kwenda kwa jirani yangu. Nikamwona jirani anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena, "Kabisa, boss, kabisa," halafu anaingia ndani ya kibanda chake kutafuta kitu ambacho yeye pia hakijui. Nilimhurumia, wallahi nilimhurumia. Kisha nikaagiza chai, nikavuta kiti mpaka mbele kabisa, nikakaa kuangalia.